Uzi: Sakitu ya Makete, mawe ya Mwanza na watu waliobeba michoro yangu

#1 MchoraMajani (Mwanza)

Mwangaluka wakuu. Wakubwa shikamooni, vijana habari za leo.

Nimeulizwa sana inboksi ninaishije kwa kuchora majani, mtu nisiye na galari wala mfadhili. Nilikuwa najibu mmoja mmoja, sasa naandika hapa mara moja wote wasome. Wachoraji, wafinyanzi, wachongaji, uzi ni wenu. Na ninyi mnaotunza sakulenti, hii mimea ya majani manene yanayohifadhi maji, uzi ni wenu pia, maana bila baridi iliyoua mimea ya watu nisingekuwa na cha kusimulia.

Ninaishi Igogo, nyumba ya kupanga mlimani kwenye mawe. Anayeijua Mwanza anajua: unafungua mlango wa nyuma unakutana na jiwe kubwa kuliko nyumba. Kwenye nyufa za mawe yale hujikusanya udongo usiojaza kiganja, na humo unaota mshubiri pori, mnyaa, mkonge pori wa madoadoa. Hakuna anayeimwagilia. Kuanzia Juni mvua inakata, jiwe linawaka mchana kutwa, mmea upo tu, unakula akiba ya masika iliyo ndani ya majani yake. Mimea hiyo ndiyo ninayochora, kwa rangi za maji, kwenye karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba.

Nilianza kwa kupeleka michoro dukani kwa mali kauli, yaani unalipwa ikishauzwa. Duka moja la zawadi hapa mjini lilipokea michoro 14. Baada ya miezi minane nikarudishiwa tisa, mitatu ikiwa na madoa ya maji. Mitano iliyobaki niliambiwa "bado tunafuatilia", na mpaka leo sijaona hela. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu mchoro mmoja wa mshubiri unanichukua siku sita.

Nikahamia mtandaoni. Mwaka mzima nikawa naweka picha iliyokamilika, safi, na bei chini yake. Watu wakasema "hongera", "kipaji", wakapita. Siku moja, kwa kuwa mchoro ulikuwa haujaisha, niliweka picha ya nusu mchoro, jani upande mmoja lina rangi, upande mwingine penseli tupu, nikaeleza kwa nini jani la mshubiri ni nene na ngozi yake ina nta. Maswali yakaja 60 kwa usiku mmoja. Waliouliza hawakuwa wapenzi wa sanaa. Walikuwa watu wenye vyungu dirishani.

Hapo ndipo nilipoelewa watu wangu ni akina nani. Nitaendelea baadaye, nina kazi mezani inakauka.

#2 KijanaWaNyakato

Dada shikamoo. Mimi nachora sura za watu kwa penseli. Nikiweka picha napata laiki 300, mfukoni hakuna kitu. Naomba useme wazi: hela inaingiaje, na ni ya nani?

#3 MamaViazi (Makete)

Jamani mwacheni binti yangu apumue, mimi nitaanza kumsemea.

Mimi ni mkulima wa viazi huku Makete, milimani mkoa wa Njombe, na sakulenti ndiyo starehe yangu, nina vyungu karibu 70. Watu wa ziwani mnaona Tanzania yote ni joto. Huku mwezi wa sita hadi wa nane tunaamka nyasi ni nyeupe. Ni sakitu, wengine wanaita jalidi. Ikishuka kwenye shamba la viazi, majani yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto.

Mwaka jana ilinikuta. Echeveria zangu, zile sakulenti za majani yaliyojipanga kama waridi, nilizozitafuta miaka minne, ziliamka laini, zinaonyesha mwanga kama karatasi yenye mafuta, kufika mchana zikawa nyeusi. Nikamwandikia huyu binti kwa sababu ndiye niliyemwona anajua majani. Akanijibu nifunike kwa nailoni. Nikafunika. Usiku wa pili kila jani lililogusa nailoni likaungua.

Mwambieni awaeleze alifanya nini baada ya hapo, maana ndipo nilipoamua kumchangia.

#4 MchoraMajani

Shikamoo mama. Asante kwa kulileta mbele ya watu, nilikuwa nalitaja mimi mwenyewe.

Ni kweli. Nilijibu jambo nisilolijua. Mwanza haina sakitu. Ziwa limelala zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini maji mengi namna ile yanatunza joto, usiku wa baridi kabisa hapa tunavaa sweta basi. Nilimpa mama ushauri wa kubahatisha, ukamuunguzia mimea ya miaka minne. Sikulala vizuri.

Nikakaa wiki mbili nauliza watu wa kilimo, nasoma, nampigia mama simu kila asubuhi aniambie usiku umekuwaje. Nilichokielewa ni hiki, na wenye mimea sehemu za baridi mkisome taratibu.

Jani la sakulenti ni tangi la maji. Nyuzi zikishuka chini ya 0, maji yale yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka. Barafu inaharibu utando laini wa seli. Asubuhi ikiyeyuka hakuna kitu kinachoshikilia jani tena, ndiyo maana linalegea kama lililopikwa. Lililoganda hivyo halirudi.

Nailoni inadhuru kwa njia mbili. Ikigusa jani inalipitishia baridi ya nje moja kwa moja, na inafungia unyevu ndani. Kinachofaa ni kitambaa kinachopumua: shuka kuukuu, gunia la katani, chandarua kilichokunjwa mara kadhaa. Kisimamishe juu ya vijiti kisilale kwenye majani, na kishuke mpaka chini ili joto la ardhi lisitoroke pembeni. Jua likitoka unakiondoa.

Halafu udongo. Mmea mkavu unavumilia baridi kuliko mmea uliolowa, na hili ndilo wengi hawalijui, wanamwagilia kwa huruma. Mama alikuwa anamwagilia kila Jumamosi. Kipindi cha baridi mimea mingi ya aina hii imelala, hainywi, maji yanakaa kwenye mizizi mpaka inaoza. Tulipunguza mpaka mara moja kwa wiki tano, asubuhi, siku ya jua. Na mbolea tuliacha kabisa mpaka baridi ilipopita, kwa sababu chipukizi changa ndilo la kwanza kuganda.

Sasa jambo ambalo mimi mwenyewe nililileta, na ninalipenda kuliko yote. Saa mbili usiku nikikaa kwenye jiwe la nyuma ya nyumba, bado lina joto la mchana, unalisikia kwenye nguo. Nikamwuliza mama, hapo kwako kuna ukuta wa mawe? Akasema upo, wa zizi la zamani, unapigwa na jua kuanzia saa sita mchana mpaka linazama. Tukahamishia vyungu pale, chini ya upenu uliobaki, juu ya mbao visiguse ardhi, na katikati ya vyungu tukapanga madumu meusi yaliyojaa maji. Mawe na maji yanakunywa joto mchana, usiku yanalitoa polepole. Upenu nao unasaidia sana. Sakitu hushuka usiku mweupe, usio na mawingu wala upepo, ardhi inapotoa joto lake moja kwa moja angani. Kipande cha paa kinazuia. Na msiweke vyungu bondeni, hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama chini.

Baada ya hapo mama alipoteza vyungu viwili tu mpaka Agosti.

Nilichora jani moja lililoungua, siku tano mfululizo: lilivyolegea, lilivyogeuka jeusi, lilivyosinyaa, na mwisho kovu la kahawia kwenye shina na kichipukizi pembeni yake. Chini niliandika yote haya, pamoja na kosa langu la nailoni. Mchoro ule ulisambazwa na wenye mimea wa Njombe, Mbeya, Lushoto, watu nisiowajua. Nilikuwa naogopa kukiri kosa hadharani, na ukurasa ule ndio ulioleta watu waliobaki.

#5 MamaViazi (Makete)

Na mimi nikamwandikia: "Kila mwezi nakutumia elfu tano, usinikatalie. Wewe chora." Bado namtumia.

#6 MchoraMajani

KijanaWaNyakato, marahaba mdogo wangu. Sasa nakujibu kuhusu hela.

Leo wanaonichangia kila mwezi ni 43. Wengi shilingi 5,000, wachache zaidi. Ni kama 215,000 na ushee kwa mwezi. Inalipa chumba, karatasi na rangi. Zaidi ya hapo nauza nakala: kila mchoro nakala 50 tu, nimezihesabu na kuzisaini kwa mkono, 25,000 moja. Mchoro halisi nauza mara chache, kwa bei yake.

Huko nje kuna mitandao iliyojengwa kwa kazi hii, kama Patreon, iliyoanza 2013: mtu anajiandikisha, kadi yake inakatwa kila mwezi, mtandao unachukua asilimia yake. Ni mpango mzuri kwa mwenye wachangiaji wenye kadi za benki. Wangu wengi wana simu. Natumia lipa namba, na tarehe 1 naandika ujumbe mmoja: mwezi huu nachora mmea gani na kwa nini. Sifukuzii mtu. Aliyekwama anakwama, bado anapata ujumbe.

Wanapata mchoro mmoja mpya kwenye simu kabla sijauweka hadharani, na ukurasa mmoja wa maelezo ya mmea huo na utunzaji wake. Kila anayeingia namtumia sauti yangu, namshukuru kwa jina. Dakika moja tu, lakini nimeona watu wanaitunza ile sauti.

Kijana, laiki 300 ni watu 300 waliopita mlangoni. Chagua kumi waliouliza swali la kweli, uwajibu kwa kirefu. Sura za watu unazochora ni za nani? Wavuvi? Mama ntilie? Bibi zako? Waliokaa mbele yako wana ndugu, na ndugu wanataka kujua umeonaje mkunjo wa paji lile. Anzia hapo.

Na andika namba za watu kwenye daftari. La karatasi. Mwezi wa pili ukurasa wangu ulifungiwa wiki tatu bila maelezo na mtandao mmoja mkubwa, wafuasi 9,000 wakapotea kama moshi. Waliokuwa daftarini niliwapata siku hiyohiyo. Hakuna mchango uliokosekana.

#7 MwalimuMstaafu (Butimba)

Binti, nimefundisha sanaa kwa miaka mingi, naomba nichangie kidogo.

Kuuza nje ya galari kwetu si jambo geni. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za dukani, za kupakia vyombo na baiskeli, kwenye mbao za bei nafuu zilizokatwa mraba. Zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mnunuzi anashuka kwenye gari anakutana na picha. Alifariki 1972, miaka minne tu, na ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza mpaka mtindo ukabeba jina lake. Hawakusubiri mtu wa kuwaingiza ndani. Walikwenda mahali wanunuzi wanapopita.

Lakini nina swali la uzito. Picha ukiiweka mtandaoni inaibwa. Unajilindaje?

#8 MchoraMajani

Shikamoo mwalimu. Asante sana kwa hilo la Tingatinga, nitawasomea vijana wangu.

Imeshanikuta. Mnyaa wangu niliuona umechapishwa kwenye fulana, saini imekatwa kwa sababu niliiweka pembeni. Sasa saini naificha ndani ya mchoro, kwenye kivuli cha jani, ukiikata unakata mmea. Mtandaoni naweka picha ndogo, inapendeza kwenye simu lakini ukiichapa inavunjika. Rasimu zote za penseli nazitunza na tarehe nyuma. Haki ya mchoro inazaliwa siku unapouchora, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, lakini ukiusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unakuwa na karatasi ya kusimama nayo siku ya ugomvi. Nimesajili ile ninayouza nakala. Mwenye fulana nilimwandikia kwa adabu nikimwambatanishia rasimu, akaacha kuuza. Hakunilipa za nyuma.

#9 DadaWaShy (Chicago)

Mwangaluka mayu. Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga, nipo Chicago miaka kumi na moja. Niongeze ya huku, maana baridi yetu ni nyingine kabisa. Makete usiku ni sakitu, mchana jua linarudi. Huku Januari inaweza kupita wiki nzima nyuzi ziko chini ya 0 usiku na mchana. Shuka na madumu havisaidii kitu. Mmea unaingia ndani au unakufa.

Nawaingiza mapema, usiku zikianza kushuka kuelekea nyuzi 10. Siku ya kuwaingiza nakagua chini ya kila jani, wale wadudu weupe kama pamba wakiingia kwenye joto la nyumba wanazaana mpaka vyungu vyote vinaambukizwa. Nawapangusa kwa pamba iliyochovya spiriti.

Ukiwa kaskazini ya dunia dirisha la jua ni la kusini. Usiku nasogeza vyungu nyuma kidogo, kioo chenyewe kinakuwa baridi na jani lililokigusa linaganda ukiwa ndani ya nyumba. Wala usiweke juu ya mashine ya kupasha joto. Jua la huku wakati huo ni fupi na hafifu, echeveria zinarefuka shingo kulitafuta, kwa hiyo nimefunga taa ya mimea, inawaka saa 12 kwa siku. Maji ni mara moja kwa mwezi.

Wapo wanaobaki nje, wale wa milima ya Ulaya, sempervivum, na baadhi ya sedum. Theluji inawafunika na Aprili wapo. Hao wanaogopa maji yaliyotuama kuliko baridi, kwa hiyo changarawe iwe nyingi.

Nilimwomba dada anitumie mche wa mshubiri wa mawe ya kwetu. Akakataa. Wakati ule nilinuna.

#10 MchoraMajani

Dada yangu, nilikataa kwa sababu. Mishubiri karibu yote, ukiacha Aloe vera ile ya kawaida, imo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na minyaa minene ya jamii ya euphorbia imo pia. Kuvusha mpaka unahitaji kibali, na juu yake cheti cha afya ya mimea. Lakini hata ningekuwa na karatasi zote, ule wa nyuma ya nyumba yangu umekaa kwenye ufa ule labda miaka ishirini. Kuung'oa uende kuishi chini ya taa sikuweza.

Wakuu, badala ya mche nikamchorea huyu dada mmea ule. Ukubwa wake halisi, mizizi ilivyojibana kwenye jiwe, hata konokono aliyekuwa kwenye jani la tatu. Nikautuma kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, ndani ya bomba gumu la plastiki. Kwa hiyo wasanii mkumbuke, karatasi inavuka mpaka wowote. Rafiki zake watano waliuona ukutani kwake, sasa nao wanachangia. Yeye anakusanya na kutuma kwa mkupuo mmoja kwenye simu yangu, ili makato yasile kila senti.

#11 DadaWaShy (Chicago)

Upo juu ya meza ninapokula. Nje kukiwa na theluji naangalia lile jiwe.

#12 MhayaMpenziWaMaua (Bukoba)

Kwetu hakuna sakitu, kuna mvua. Zangu zinakufa mwezi wa nne kila mwaka, shina linakuwa kama uji. Ni baridi?

#13 MchoraMajani

Ni maji, ndugu yangu. Hata Mwanza masika inaziua, na Bukoba mvua ni nyingi kuliko huku. Toa udongo mweusi wa bustani. Changanya nusu changarawe au mchanga mkubwa uliooshwa, nusu udongo. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ndani, chenye tundu chini. Sogeza chini ya bati panapopata mwanga. Shina lililooza kata mpaka uone nyama safi isiyo na doa, acha kipande kivulini siku tano hadi saba kidonda kikauke, ndipo ukipande. Usimwagilie wiki ya kwanza.

Hata zilizopigwa na sakitu ni hivyo hivyo, mama alizifufua kwa vipandikizi. Ila msikate siku ileile. Subiri jani lililokufa likauke lenyewe, ndipo utajua uhai umeishia wapi.

#14 KijanaWaNyakato

Dada nimeanza. Nimemchora mzee mmoja wa Mwaloni anayeshona nyavu, nikaandika alichoniambia kuhusu fundo analolifunga. Mjukuu wake yuko Dodoma, ameomba nakala na ameuliza bei. Sijui niseme ngapi.

#15 MchoraMajani

Hesabu karatasi, penseli, kuchapa, na nauli ya kupeleka basini. Halafu hesabu siku zako, kila siku kwa kiasi ambacho kibarua wa ujenzi angelipwa, usijishushe chini ya hapo. Mwambie jumla bila kuomba radhi. Na mzee mwenyewe mpelekee nakala moja bure, mkononi, leo.

#16 MamaViazi (Makete)

Binti, usiku wa kuamkia leo imeshuka, ya kwanza mwaka huu. Nyasi nyeupe mpaka barabarani. Nimetoka na tochi saa kumi na moja. Vya ukutani vyote vizima. Kimoja nilikisahau kwenye ngazi, kile cha waridi ulichokipenda. Majani ya nje yameganda, moyo sijui.

#17 MchoraMajani

Pole mama. Usikiguse, usikipeleke juani, kiache kivulini kiyeyuke polepole. Kama una nafasi kipige picha sasa hivi ukiwa umeshika tochi upande wa kushoto, halafu kila asubuhi saa ileile. Karatasi nimeshailowesha, naanza nacho leo.

#18 MamaViazi (Makete)

Natuma. Subiri nivue glavu.